Tonge la Kwapani

Mume wangu alipofika nyumbani kutoka Voi, wa kwanza kusalimiwa alikuwa mbwa. Aliweka kikapu chini uani, akachuchumaa na nguo zake za safari, akamshika masikio yote mawili na kumwuliza habari za mwezi mzima: umeshindaje, umekula vizuri, umelinda nyumba? Mbwa alimjibu kwa kumlamba uso. Mimi nilikuwa jikoni, hatua kumi tu kutoka pale, maji yake ya kuoga yakichemka, nikisikia yote. Habari zangu aliziuliza baadaye, akiwa amekwisha kaa, na kufikia hapo sauti ilikuwa imechoka.

Sasa nimezeeka, na uzee una ruhusa zake. Kwa hiyo nasema wazi: nilimwonea mbwa wivu. Haukuwa wivu wa kuchekesha watu. Ulikuwa wivu wa kweli, na ulidumu karibu mwaka mzima.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimeolewa Mghange miaka miwili, na mtoto bado. Mume wangu alifanya kazi ya reli stesheni ya Voi. Alikuwa akigeuza njia ili treni ya Taveta na ile ya Mombasa zisigombanie reli moja. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, akakaa siku mbili, akarudi. Siku zile ruhusa zilikuwa ngumu, maana treni zilikuwa nyingi, zikiwemo zile za madirisha ya waya zilizopeleka wafungwa kambini Manyani. Mimi nilibaki mlimani na mama mkwe wangu, mjane, mwanamke mfupi mwenye macho makali na mdomo usiokosa la kusema.

Kuna jambo moja kuhusu nyumba ile ambalo lazima nilitaje ndipo mengine yaeleweke. Kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Vyungu vilikuwa vya mama mkwe, na kuku wake pia. Kitanda kilichongwa na marehemu baba mkwe, nami nilikumbushwa hivyo karibu kila nilipokitandika. Migomba, shamba la juu la maharagwe na lile la mahindi kule chini Ronge Nyika, yote yalikuwa ya ukoo. Hata kabuti nililovaa asubuhi za ukungu lilikuwa la mume wangu: zito, jeusi, la vifungo vya shaba, alilopewa kazini akaliacha nyumbani, kwa kuwa Voi na joto lake kabuti ni adhabu. Nilitaka kitu kimoja, hata kiwe kidogo namna gani, ambacho mtu akiuliza ni cha nani, jibu liwe mimi.

Ndipo mbwa akaja. Mume wangu alimtoa ndani ya kikapu, katikati ya sukari na sabuni. Alikuwa amezaliwa chini ya ghala la mizigo pale stesheni, rangi yake kama majani makavu ya mahindi, sikio moja limesimama na jingine limelala. Misimu miwili mfululizo ngiri na nyani walikuwa wametuvunia mahindi ya Ronge kabla yetu, na mama mkwe alikuwa amesema msimu wa tatu hawezi kuuona. Mume wangu alinikabidhi yule mtoto wa mbwa mikononi. Alisema afundishwe, ili mahindi yakianza kubeba awe tayari kuteremka nyikani kulinda.

"Nakuachia wewe," alisema.

Maneno hayo mawili niliyashika. Niliyaelewa kwamba mbwa ni wangu.

Kwetu Ronge, nilikozaliwa, kila mtu anajua jinsi mbwa anavyofanywa kuwa wa mtu. Unachukua tonge la ugali wa moto, unalibana kwapani mpaka lishike jasho lako, kisha unamlisha kwa mkono wako mwenyewe, kabla hajalishwa na mtu mwingine yeyote siku hiyo. Unafanya hivyo asubuhi saba. Baada ya hapo mbwa yule hata akichukuliwa mpaka Taveta, atakutafuta wewe. Baba yangu alifanya hivyo kwa mbwa wake wote, na wote walimfuata hadi kanisani.

Nilifanya asubuhi saba bila kukosa. Ulikuwa mwezi wa saba, ukungu umekaa mlimani kama mgeni asiyejua kuaga, na nilikuwa nimevaa kabuti. Sikulivua. Nani angevua kabuti Mghange asubuhi ya mwezi wa saba? Nilipenyeza tonge ndani, juu ya gauni, nikalibana kwa mkono huku nikichochea moto kwa mkono wa pili. Likishapoa nililitoa, nikamlisha. Nusura ale na vidole vyangu.

Hapo nikaanza kazi ya kumfundisha, na hapo ndipo nilipojua nimepewa nini.

Tulipanda maharagwe shamba la juu. Nilitangulia na jembe, yeye akafuata nyuma, akafukua mbegu moja moja, akainusa, akaiacha juu ya udongo kama mtu anayekagua kazi. Nilipogeuka mwisho wa mstari, mstari mzima ulikuwa nje. Mwalimu wa kanisa alipokuja kutusalimu akaacha viatu mlangoni kwa sababu ya matope, kimoja kilipatikana kwenye mfereji wa maji, shamba la tatu kutoka kwetu, na mwalimu alirudi kwake na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi kikitiririka. Kibuyu cha maziwa, mpini wa jembe, ncha ya mkeka wa mama mkwe, vyote vilipata alama za meno yake.

Mayai ndiyo yaliyoleta vita. Kuku walikuwa wa mama mkwe, kama nilivyosema. Dawa ya mbwa mwizi wa mayai inajulikana: unachemsha yai, unamtia mdomoni likiwa bado la moto, naye hatatazama yai tena maisha yake yote. Nikafanya. Akalitema, akarudi nyuma hatua mbili, akaketi akilitazama. Alikaa pale kwa subira ambayo sijawahi kuiona kwake tena. Yai lilipopoa, akalila lote pamoja na ganda, kisha akanitazama kuona kama liko jingine.

"Umemfundisha kula yai lililoiva," mama mkwe alisema. "Labda kesho umpe na chumvi."

Sikukata tamaa. Nilisokota kamba ya mkonge, nikamzungusha mpakani mwa shamba kila asubuhi kabla umande haujakauka, mpaka akajua shamba letu linaishia wapi na la jirani linaanzia wapi. Nilijaza gunia majani makavu nikaliita nyani, nikalivuta kwa kamba kupita katikati ya migomba. Siku moja, kwa kuwa gunia halikumtisha, nililivaa mimi mwenyewe nikatambaa kwa miguu na mikono nikilia kama nyani. Alinifukuza vizuri sana. Majirani wawili waliokuwa wakipita na kuni waliiona habari yote, na mpaka leo kuna ukoo mmoja Mghange ambao watoto wao wanaijua hadithi hiyo.

Kumwita ndiko kulikonishinda. Ningepiga mluzi, lakini mama mkwe alisema mke wa mtu hapigi mluzi kama mchunga mbuzi, basi. Nikawa nagonga mwiko kwenye sufuria. Mbwa alikuja akiwa na njaa. Akiwa ameshiba, alinyanyua lile sikio moja, akalishusha.

Mume wangu, yeye, alikuwa na mluzi. Aliupiga kwa vidole viwili, kwenye kona ya njia kule kijitoni, kabla hajaanza kupanda kuja nyumbani. Nilikuwa nimeuzoea tangu mwezi wa kwanza wa ndoa. Ukisikika, naongeza kuni chini ya maji ya kuoga. Mama yangu alinifunza hivyo. Mke, alisema, hamkimbilii mume njiani kama mtoto anayesubiri peremende. Mke hukutwa nyumbani, moto unawaka, maji ya moto tayari. Nami nilikuwa nakutwa nyumbani. Nilitengeneza nywele kwa mafuta ya nazi, nikavaa gauni safi, nikakaa jikoni nikijifanya nina shughuli.

Mwezi wa pili baada ya mbwa kuja, mluzi ulilia, na mbwa akaruka kama aliyechomwa. Alivuka ua, akavuka mfereji, akashuka mteremko, na masikio yote mawili kwa mara ya kwanza yalikuwa yamesimama. Mwezi uliofuata hivyo hivyo, na uliofuata. Walipanda pamoja kutoka kijitoni wakizungumza, mmoja kwa maneno na mwingine kwa mkia. Nilisikia kicheko cha mume wangu kikipanda mlima. Kicheko kile sikukijua. Ndani ya nyumba hakukitoa.

Na kila mwezi mambo yalikuwa yale yale: kikapu chini, masikio, habari za mwezi. Alimletea kipande cha nyama ya kuchoma kilichofungwa kwenye karatasi. Alimwita "mwanangu." Mimi niliyekuwa nimemlisha, nimemtoa kupe, nimetambaa kwa ajili yake ndani ya gunia, nilisimama mlangoni na kata ya maji mkononi. Sijui nilimwonea wivu nani zaidi. Asubuhi nilimwonea mume kwa sababu ya mbwa, jioni nilimwonea mbwa kwa sababu ya mume. Usiku nilijihurumia mimi.

Mwishowe nilimweleza mama mkwe. Tulikuwa tunapepeta maharagwe uani. Nilimwambia nimemlisha mbwa yule tonge la kwapani siku saba kama inavyotakiwa, na bado anamkimbilia mtu asiyemwona ila mara moja kwa mwezi.

"Ulikuwa umevaa nini?" aliuliza.

Nikasema kabuti.

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Alicheka akashika magoti. Alipopata pumzi akafuta macho kwa ncha ya leso. "Basi umemlisha jasho la mwanangu," alisema. "Lililoshika kabuti lile miaka mingapi. Siku saba, kwa mkono wako mwenyewe. Sasa unalalamika nini?"

Ukitaka kujua wivu ni nini, fikiri hivyo nilivyokaa pale na ungo mapajani. Kitu kimoja nilichotaka kiwe changu, nilikuwa nimempa mwingine kwa mkono wangu, asubuhi saba, huku nikijiona mjanja. Kesho yake nilianza upya. Nilivua kabuti, nikavaa gauni peke yake kwenye ule ukungu, nikabana tonge kwapani nikitetemeka meno. Siku ya tano nilishikwa na mafua yaliyonilaza. Mbwa alikula matonge yote, akashukuru, akaenda zake kufukua shimo.

Mwisho wa mwezi ule mume wangu alimletea mkanda wa shingo. Ulikuwa wa ngozi, umeshonwa na fundi wa viatu wa Voi, una kifungo cha shaba. Alimvalisha, akarudi nyuma kumtazama, akamgeuza upande huu na ule. Kwenye kikapu kulikuwa na sukari, sabuni na majani ya chai, kama kila mwezi. Nilivitoa kimoja kimoja nikivipanga rafuni, na mkono wangu ulikuwa unatafuta chini ya kikapu bila mimi kuutuma. Shingo yangu ilikuwa tupu tangu siku ya harusi. Niliwapakulia chakula, na nyama ya mbwa nikaitupa nje ya mlango badala ya kuiweka kwenye sahani yake.

Alfajiri ya kuondoka kwake nilimpa kabuti. Nilikuwa nimelikunja na kulifunga kamba.

"Voi?" aliuliza, akilitazama.

Nilimwambia ni lake, awe nalo. Nilisema mengine pia, kwamba linajaza nafasi ukutani, kwamba linaleta panya, uongo mtupu. Nilichotaka ni kuiondoa harufu yake nyumbani, ili mbwa asibaki na chochote cha kumkumbusha ila mimi. Mume wangu akalibeba begani akashuka.

Kufikia saa sita mchana mbwa hakuwako.

Niligonga mwiko kwenye sufuria mpaka mwiko ukapasuka. Jirani alikuja mbio kuuliza nyumba ya nani inaungua. Nilizunguka mipaka yote niliyomfundisha, nikashuka hadi kijitoni, nikaona nyayo zake kwenye tope, zikienda upande mmoja tu. Jioni nilijua. Alikuwa amemfuata mume wangu mpaka Mwatate, akapanda naye treni au akaifuata reli kwa miguu. Nilijiambia kwamba lazima alipigiwa mluzi. Kwa siku nne nilichekecha jambo hilo kichwani, na kila nilipolichekecha, mume wangu alizidi kuwa mwizi.

Mama mkwe ndiye aliyekata shauri, na si kwa ajili yangu. Habari zilitoka Ronge kwamba mahindi yamebeba na ngiri wamekwisha kuonekana. "Nenda ukamlete mbwa," aliniambia. "Na mwanangu ukikutana naye, msalimu."

Nilishuka na lori la mboga, nimekaa juu ya magunia ya kabichi. Kadiri tulivyoteremka ndivyo nilivyofungua vifungo vya sweta, mpaka Mwatate sweta likawa mapajani, na katikati ya mashamba ya mkonge upepo wenyewe ulikuwa wa moto. Nilikuwa na hotuba. Niliipanga tangu Mghange, nikaipunguza Mwatate, nikaiongeza tena karibu na Voi. Ilihusu mbwa, lakini mkanda wa shingo ulikuwamo, na kile kicheko cha kijitoni kilikuwamo.

Wafanyakazi wa reli walikaa kwenye vyumba vya mstari mmoja, landhi, na nilielekezwa cha mume wangu. Mlango ulikuwa umefungwa. Kamba ilikuwa imefungwa kwenye msumari wa mlango wake, na juu ya kamba zilikuwa zimeanikwa leso mbili za kike, mbichi bado.

Hotuba yote ilinitoka kichwani. Nilisimama juani nikizitazama leso zile. Nilijiambia, kumbe mbwa ni kitu kidogo.

Mlango wa pili ulifunguka, akatoka mama mmoja mtu mzima wa pwani, mke wa mfanyakazi wa treni, kajitanda leso kichwani. Alinitazama kuanzia miguu.

"Karibu, mwanangu. Wewe ndiwe mwenye mbwa," alisema, wala halikuwa swali.

Nilimwuliza leso zile za nani kabla sijamwamkia. Aibu hiyo ninayo mpaka leo. Akanijibu kwa upole kwamba ni zake, kamba yake ilikuwa imekatika, na jirani alimwazima msumari. Kisha, labda kwa kuniona nilivyoshusha mabega, aliniletea kigoda na maji, akanieleza. Mbwa alifika siku ile ile aliyofika mume wangu, jioni, ulimi nje, amefuata reli kwa miguu. Tangu hapo hakuwa na raha. Alilala juu ya kabuti. Chakula alikigusa kidogo tu. Treni ya Taveta ikiingia, alikwenda stesheni.

"Anawanusa wanawake," alisema. "Mmoja mmoja. Wanaume hawana habari naye. Treni ikiondoka, anarudi kulala. Mimi mbwa simgusi, mwanangu, lakini macho ninayo."

Sikuelewa. Nilikuwa na kikombe cha maji mdomoni na sikuelewa, mpaka nilipomwona mume wangu akija.

Ilikuwa yapata saa nane. Jua la Voi lilikuwa limesimama juu ya mabati. Mume wangu alikuwa anakuja kando ya reli amevaa kabuti. Alikuwa amelifunga vifungo vyote, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, na wenzake wawili waliokaa kivulini walikuwa wanamtania kwa sauti wakimwuliza kama theluji itaanza leo au kesho. Nyuma yake, pua imegusa pindo la kabuti, mbwa alikuwa anafuata, sikio moja limesimama na jingine limelala, mkia hautikisiki.

Mbwa alisimama. Akainua pua. Kisha akaliacha kabuti na mtu wake akaja, na alinipiga kifuani kwa miguu yote miwili ya mbele hivi kwamba mimi, kigoda na kikombe tulianguka pamoja kwenye vumbi. Alitoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa kwa mluzi wowote. Nilimshika shingo, penye ule mkanda, nikamtazama mume wangu juu ya kichwa chake. Sitadanganya: nilifurahi kumwona amesimama peke yake.

Ndani ya chumba alivua kabuti, akalitupa kitandani, akakaa akijipepea na kofia. Mbwa alilala juu ya miguu yangu. Mume wangu alisema hakumpigia mluzi. Alimrudisha kwa mawe mara tatu kabla ya Mwatate, na akaingia treni akimwacha stesheni. Alisema akilivaa kabuti mbwa anamfuata, akilivua hamfuati. Alikuwa amelivaa siku nne, kazini, mchana, ili mbwa asizurure akakatwa na treni, na pia, hili alilisema akitazama sakafu, kwa sababu ilimwuma kutofuatwa.

"Nusa," alisema, akinisogezea mkono wa kabuti.

Nikanusa. Lilikuwa na moshi wa jiko langu. Lilikuwa na maharagwe, na mafuta ya nazi kwenye kola. Jasho la reli, kama liliwahi kuwamo, lilikuwa limekwisha zamani, na mama mkwe alikuwa amecheka bure.

Nilipaswa kunyamaza hapo. Nilikuwa nimeshinda. Lakini wivu wa mwaka mzima hauondoki kwa kunusa mkono wa kabuti, na nilimtolea yote, bila mpango: nyama, mkanda, masikio, lile neno "mwanangu", kicheko. Nilimwuliza ni kwa nini kila mwezi, kila mwezi, alianza na mbwa ndipo mimi.

"Kwa sababu yeye alikuja," alisema. "Nilipiga mluzi kijitoni, akaja. Wewe hukuja hata siku moja."

"Mluzi ule ulikuwa wa mbwa."

"Niliupiga miaka miwili kabla hatujawa na mbwa."

Treni ya mizigo ilipita nje na chumba kikatikisika. Nilikuwa nimekumbuka. Mwezi wa kwanza wa ndoa, mluzi kutoka kwenye kona, mrefu, kisha kimya kama cha mtu anayengoja, kisha wa pili. Nami niliinama nikaongeza kuni. Nilidhani ananiambia niweke maji. Miezi mingapi alisimama pale kijitoni na kikapu, akitazama juu ya njia, kisha akapanda peke yake akanikuta nimetengeneza nywele, najifanya nina shughuli? Nilikuwa nimemwonea mbwa wivu kwa kupewa kitu ambacho kilikuwa kimewekwa njiani kwa ajili yangu, nami sikukiokota.

Nilirudi mlimani kesho yake na mbwa, na kabuti pia, maana mume wangu alikataa kubaki nalo. Tuliteremka Ronge na mama mkwe, na mbwa alizunguka mpaka wa shamba lile la nyikani asubuhi na jioni. Kwake kila nyani alikuwa gunia langu, na aliwafukuza wote. Tulivuna msimu ule. Mayai aliendelea kuiba.

Mwisho wa mwezi ule mume wangu hakupata ruhusa. Uliofuata tulikuwa tumekwisha kuvuna na kurudi Mghange, na ujumbe ukafika kwamba anakuja. Asubuhi nilitengeneza nywele. Mchana mama mkwe aliniona navaa kabuti na kuelekea njiani, akaniuliza nani ataangalia maji. Nilimwambia maji yatachemka yenyewe au hayatachemka. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaufunga bila kusema.

Mbwa alikuwa amekwisha kutangulia mpaka kwenye mfereji, mkia juu. Nilimwita. Akaja, kwa kuwa siku hizo alikuwa anakuja. Nikamshika kwa ule mkanda wa ngozi, nikamrudisha uani, nikamfunga kwenye nguzo ya ghala kwa kamba ya mkonge, mafundo mawili. Alinitazama asiamini. Alianza kulia kabla sijatoka uani, na nilimsikia njia nzima ya mteremko, na sikugeuka.

Nilisimama kijitoni, ng'ambo hii ya mawe. Mluzi ulilia nyuma ya kona, mrefu, ukafuatwa na kile kimya. Sikungoja wa pili. Nilitia vidole viwili mdomoni, mke wa mtu, nikajibu, hewa nyingi na sauti kidogo.

Alipotokea kwenye kona alitazama chini kwanza, penye kimo cha mbwa. Kisha akainua macho.